Mnyama wa Wote katika Shamba la Mmoja: Habari za Pembepanda wa Marekani

Liko swali moja la zamani lililowasumbua watawala na raia wa nchi nyingi, nalo ni hili: mnyama wa porini ni mali ya nani? Ng'ombe ana mwenyewe, na akiingia katika mtama wa jirani twajua ni nani wa kudaiwa. Lakini mnyama wa porini hana alama wala zizi. Asubuhi ala katika nchi ya serikali, jioni amelala katika shamba la mtu, na kesho amekwisha kuvuka mpaka. Mwenye shamba akisema, "Amekula majani yangu, basi ni wangu," ana neno. Na raia akisema, "Hakufugwa na mtu, basi ni wetu sote," naye ana neno. Tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu jinsi swali hili lilivyoamuliwa katika nchi ya Marekani, na hasa katika jimbo la Wyoming, kwa ajili ya mnyama mmoja aliyekuwa karibu kutoweka duniani, naye hakutoweka.

Kwa Kiingereza mnyama huyu aitwa prongihoni, maana yake mwenye pembe ya panda. Nasi katika habari hizi tutamwita pembepanda. Kwa umbo amefanana na swala, na walowezi wa kwanza walimdhania kuwa swala. Hata leo watu wengi wa kule humwita hivyo. Lakini si swala. Wataalamu wamemweka katika jamaa yake peke yake, kwa kuwa ndugu zake wote wa jamaa hiyo wametoweka tangu zamani za kale. Katika wanyama walio hai sasa, walio karibu naye kwa nasaba ni twiga wetu na okapi wa misitu ya Kongo. Pembe za dume zina panda moja iliyoelekea mbele, na kila mwaka huvua gamba la nje la pembe, likaota jingine. Swala hafanyi hivyo kamwe. Rangi yake ni hudhurungi na nyeupe, na akishtuka husimamisha nywele nyeupe za matakoni, zikang'aa hata wenzake walio mbali wakajua kuna hatari.

Mbio zake zapata maili 55 kwa saa, wala hakuna mnyama wa nchi kavu ampitaye ila duma. Tena duma huchoka upesi, naye pembepanda aweza kuendelea mbio maili kadha wa kadha. Wako wataalamu wanaosema kwamba mbio hizo ni urithi wa zamani, Amerika ilipokuwa na mnyama mkali aliyefanana na duma, ambaye ametoweka yapata miaka 12,000 iliyopita. Lakini huyu mwenye mbio ana udhaifu mmoja, nao ndio mzizi wa habari zetu: hapendi kuruka. Yeye ni mnyama wa uwanda, macho yake yamezoea kuona mbali pasipo kizuizi. Akifika penye uzio huinama, akatafuta nafasi ya kupenya chini yake. Asipoipata husimama, huufuata uzio huku na huku, hata njaa na theluji zikamkuta hapo hapo.

Na kusimama hapo ni mauti, kwa maana nchi ya Wyoming ni ya baridi kali. Theluji ikifunika majani, pembepanda huishi kwa vichaka vya rangi ya kijivu vyenye harufu, jamii moja na ile pakanga ambayo wasomaji wa Biblia waijua kwa uchungu wake. Vichaka hivyo huwa wazi mahali ambapo upepo hupeperusha theluji, kwa hiyo hana budi kuhama kila mwaka aende mahali hapo. Liko kundi linalokaa wakati wa joto katika bonde lililo chini ya milima ya Teton, na baridi ikikaribia hushuka kusini hata nchi za mto Green, safari ya yapata maili 150 kwenda tu. Njiani wapita mahali pembamba paitwapo Trappers Point. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameona hapo mifupa ya pembepanda waliouawa na wawindaji yapata miaka 6,000 iliyopita, na pamoja nayo mifupa ya vitoto visivyozaliwa bado, dalili ya kwamba waliuawa katika safari ya kurudi, majira ya baridi yanapokwisha. Basi njia ile ni ya kale kuliko mji wowote wa nchi ile, na kuliko hati yoyote ya shamba.

Wenyeji wa kwanza wa nchi, kama Washoshone, Waarapaho na Wakrow, waliwinda pembepanda kwa nyama na ngozi, wala mnyama hakupungua. Huenda katika siku zao walikuwapo milioni 30 au zaidi katika nyanda zote za magharibi. Wazungu walimjua mnyama huyu vizuri katika mwaka 1804, wakati Lewis na Clark walipotumwa na Rais Jefferson kupeleleza mto Missouri. Mwezi wa Septemba mwaka ule Clark alimpiga mmoja kwa bunduki, akamwandika katika habari zake kuwa ni mbuzi dume. Mwaka 1815 mtaalamu George Ord akampa jina la elimu.

Sasa hatuna budi kurudi nyuma kidogo, tuitazame sheria ambayo walowezi waliikimbia. Katika Uingereza ya kale, misitu mingi na wanyama wake walihifadhiwa kwa ajili ya mfalme. Mwaka 1217 watu walipata Hati ya Misitu iliyolegeza ukali huo. Lakini mwaka 1671 Bunge lilitunga sheria kwamba asiyekuwa na nchi yenye kuleta pato la pauni 100 kwa mwaka, au cheo fulani, haruhusiwi kuwinda, hata katika shamba lake mwenyewe. Mkulima mdogo aliweza kumwona sungura akila kabeji zake, asiwe na ruhusa ya kumgusa. Sheria ile ya vyeo haikuondolewa hata mwaka 1831.

Waliokwenda Amerika hawakutaka kuipanda mbegu hiyo katika nchi mpya. Katika katiba ya Pennsylvania ya mwaka 1776 iliandikwa kwamba wakaaji wana uhuru wa kuwinda, kwa nyakati zifaazo, katika nchi zao na katika nchi nyingine zote zisizozungushiwa ua. Wasomaji walitie moyoni neno hilo la ua, kwa maana ndilo litakaloleta matata miaka mia baadaye. Hata mwaka 1842, na tena mwaka 1896, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kile alichokuwa nacho mfalme kwa ajili yake, jimbo linacho kwa ajili ya watu wote, kama mtu aliyewekewa amana. Uamuzi wa mwaka 1896 ulibadilishwa mwaka 1979, mahakama iliposema kwamba jimbo halimiliki wanyama kama mtu amilikivyo mbuzi wake. Walakini ile amana ya kuwatunza kwa ajili ya umma haikuondolewa. Katika Wyoming sheria husema hata leo kwamba wanyama wa porini ni mali ya jimbo. Kwa hiyo mwenye shamba anamiliki udongo, maji na majani, lakini pembepanda alaye majani hayo si wake.

Haifai tufiche kwamba uhuru huo haukuwafikia wote. Katika mwaka 1868 serikali ilifanya mikataba na makabila ya wenyeji, ikawaahidi kwamba wataendelea kuwinda katika nchi za serikali zisizokaliwa na watu. Wyoming ikawa jimbo mwaka 1890, na mwaka 1896 Mahakama Kuu ikasema kwamba ahadi ile imekufa kwa sababu jimbo limezaliwa. Ilipita miaka 123, hata mwaka 2019, mahakama hiyo hiyo ilipoamua, katika shauri la mtu wa kabila la Wakrow, kwamba kuzaliwa kwa jimbo hakuui ahadi. Watu waliowinda katika nchi ile kabla ya wote ndio waliongojea zaidi ya wote.

Tena uhuru usio na kiasi huwa msiba. Mwezi wa Mei mwaka 1869 reli ya kutoka mashariki ilikutana na reli ya kutoka magharibi huko Utah, na tangu hapo nyama ya nyanda za Wyoming iliweza kupelekwa mbali. Wawindaji wa biashara waliua pembepanda kwa mikokoteni, wakawauza katika makambi ya wachimba madini na masoko ya mijini. Mwaka 1874 Joseph Glidden alipata hati ya seng'enge ya miiba aliyoibuni, na seng'enge hiyo ikaenea upesi. Kondoo na ng'ombe waliingia kwa maelfu, na walowezi wakalima penye maji. Edward Nelson, mkuu wa idara ya serikali iliyoangalia wanyama, alipofanya hesabu kati ya mwaka 1922 na 1924, aliona wamebaki yapata 30,000 tu katika Marekani, Kanada na Mexico. Palipokuwa na elfu, alisalia mmoja.

Namna walivyookolewa yastahili kuangaliwa kwa uangalifu. Majimbo yalikataza kuwaua kwa miaka mingi. Mwaka 1931 nchi ya hifadhi iliwekwa Nevada, ikaitwa kwa jina la Charles Sheldon, na mwaka 1936 nyingine ikawekwa penye mlima Hart katika Oregon. Biashara ya nyama ya porini ilipigwa marufuku. Mwaka 1937 Baraza la Kongresi lilipitisha sheria kwamba ushuru wa bunduki na risasi upelekwe majimboni kwa kazi ya kutunza wanyama, kwa sharti kwamba jimbo lisitumie ada za vyeti vya kuwindia kwa kazi nyingine yoyote. Kwa hiyo mwindaji mwenyewe ndiye aliyelipa mishahara ya askari wa wanyama na gharama za kuwahesabu. Idadi ilipopanda, uwindaji ulifunguliwa tena, lakini kwa kipimo: nchi imegawanywa katika maeneo yenye namba, kila eneo lina idadi yake ya vyeti, na waombaji wakizidi hupigiwa kura. Leo pembepanda wahesabiwa kwa mamia ya maelfu, na jimbo lenye wengi kuliko yote ni Wyoming.

Hapo ndipo shida ya pili ilipozaliwa. Wanyama wapo, cheti kipo, lakini je, mwenye cheti atapita wapi? Ili tuelewe, twende kwenye ramani.

Serikali ilipotaka reli ijengwe, haikuwa na fedha ya kutosha, lakini ilikuwa na nchi tele. Kwa sheria za mwaka 1862 na 1864 ilipima nchi kwa miraba, kila mraba maili moja kwa maili moja, yaani eka 640, ikaitia namba. Miraba yenye namba za witiri, kwa umbali wa maili 20 kila upande wa njia, ilipewa kampuni ya reli. Miraba ya shufwa ilibaki kwa serikali. Basi kusini mwa Wyoming ramani imekuwa kama ubao wa dama: mraba mweusi wa mtu, mraba mweupe wa umma, na kila mraba mweupe wagusana na mweupe mwenzake kwenye ncha tu. Kampuni iliuza miraba yake kwa wafugaji. Mfugaji mwenye akili aliona mara moja kwamba akijenga ua katika miraba yake mwenyewe peke yake, akiupitisha karibu na ncha, ataifungia ndani na miraba ya umma, asilipe hata senti moja.

Wengi walifanya hivyo. Kwa sababu hiyo, mwaka 1885 Baraza la Kongresi lilitunga Sheria ya Kukataza Kuzungushia Nchi ya Umma. Ilisema kwamba mtu asiifungie nchi ya serikali kwa ua, wala asimzuie mwenzake kuiingia kwa shughuli ya halali. Tena ikampa raia yeyote haki ya kupeleka kiapo chake kwa mwanasheria wa serikali, naye akalazimika kulishughulikia. Mwaka 1897 Mahakama Kuu iliithibitisha katika shauri la watu wa Colorado waliokuwa wamezingira yapata eka 20,000 za umma kwa ujanja huo huo wa miraba. Lakini mwaka 1979 mahakama hiyo ilisema pia kwamba serikali, ilipotoa miraba ile, haikujiwekea haki ya kukata barabara ndani yake. Ikitaka barabara ya kufikia ziwa la Seminoe, na ilipe. Hivyo sheria ilisimama kwa miguu miwili: usiifunge nchi ya watu wote, lakini pia usipite tu katika nchi ya mwenzako kana kwamba haina mwenyewe.

Miaka michache baadaye shauri likaletwa na mnyama. Karibu na mji wa Rawlins pana ukingo wa nchi uitwao Red Rim, ambao upepo huondoa theluji juu yake, na pembepanda wa pande zile hukimbilia hapo wakati wa baridi kali. Nchi hiyo ni ya ubao wa dama. Katika mwaka 1983 mfugaji mmoja alijenga uzio wa maili 28, ukazunguka zaidi ya eka 20,000, za kwake na za umma pamoja. Uzio ulikuwa wa namna ambayo pembepanda hawezi kupenya chini yake wala kupita juu yake. Baridi ikaja kwa ukali. Wanyama walifika kwa njia yao ya siku zote, wakakuta ukuta wa waya. Walisimama nje, wakitazama vichaka vilivyo ndani, na wengi wakafa.

Chama cha wapenda wanyama wa Wyoming kilikwenda mahakamani kikiitumia ile sheria ya mwaka 1885. Mfugaji alijibu kwa hoja zenye nguvu. Alisema kwamba waya wote umesimama katika udongo wake. Alisema sheria ile ilitungwa kwa ajili ya watu na mifugo, wala haikutaja wanyama wa porini. Alisema pia kwamba kumlazimisha kuwapokea pembepanda ni kumnyang'anya mali bila malipo. Mwaka 1985 hakimu aliamuru uzio uondolewe au ubadilishwe hata wanyama wapate kupita. Mfugaji alikata rufani, na mwaka 1988 mahakama ya rufani ya Denver ikaukubali uamuzi ule. Majaji walisema kwamba mnyama kutafuta chakula cha baridi katika nchi ya umma ni shughuli ya halali ambayo sheria yailinda. Tena, kwamba mfugaji hakunyang'anywa kitu, kwa kuwa haki ya kuwafungia wengine nje ya nchi ya umma hakuwa nayo tangu mwanzo. Uzio wenyewe angeweza kuwa nao, mradi mnyama apite. Mahakama Kuu ilikataa kulisikiliza shauri zaidi. Baadaye sehemu ya nchi ile iliwekwa chini ya idara ya wanyama ya jimbo, iwe malisho yao.

Tutazame udogo wa jambo lililodaiwa. Pembepanda haombi shamba. Aomba nafasi chini ya waya wa mwisho, inchi 16 au 18 kutoka chini, na waya huo uwe laini usio na miiba. Ng'ombe hapiti hapo, ndama mdogo pengine. Wafugaji wengi wa Wyoming sasa hujenga namna hiyo kwa hiari yao, na idara na vyama husaidia gharama za waya.

Lakini itakuwa dhuluma tukisimulia habari hizi kana kwamba mwenye shamba ni adui. Karibu nusu ya Wyoming ni nchi ya serikali kuu, lakini sehemu zenye maji, mabonde na majani mazuri walizichukua walowezi wa kwanza, na wanyama huzihitaji sana. Kundi la pembepanda mia mbili likishuka katika shamba la alfalfa, hula kilichokusudiwa kuwa chakula cha ng'ombe wa mtu katika theluji. Wawindaji nao si malaika wote. Wako waachao lango wazi, ng'ombe wakatawanyika. Wako wapitishao gari katika udongo wa tope. Wako wasioona tofauti ya ndama na mnyama. Mwenye shamba aliyeumwa mara tatu hafungui lango mara ya nne. Na tukisema mnyama ni wa wote, ni haki tuulize: mbona gharama ya kumlisha ni ya mmoja?

Wyoming imejibu swali hilo kwa njia kadha. Kwanza, cheti cha kuwindia kina kipande kimoja cha mwenye shamba: mwindaji akimpata mnyama katika nchi ya mtu, humpa kipande kile, naye hukipeleka kwa idara akalipwa fedha. Pili, mwenye shamba la eka 160 au zaidi ambalo wanyama hulitumia kwa kiasi kilichowekwa, aweza kupata vyeti kwa ajili yake bila kungoja kura. Tatu, wanyama wakiharibu mazao yake, jimbo humlipa fidia. Lakini aliyewafungia wawindaji lango wakati wa msimu hana dai. Sharti hili la mwisho twaliona la busara sana, maana huwezi kumshtaki jirani kwamba mbuzi wake wanakula shamba lako, na hapo hapo ukamkataza asije kuwachukua. Nne, tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita, idara hufanya mapatano na wenye mashamba: nchi yao ifunguliwe kwa wawindaji wote kwa miguu au kwa karatasi ya ruhusa, idara iweke vibao na askari, na mwenye shamba apewe malipo. Sehemu ya fedha hizo hutoka kwa wawindaji wenyewe, waongezao kitu kidogo wanunuapo vyeti. Jirani zao wa Montana walianza mapatano kama hayo mwaka 1985. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mithali hii imetiwa katika daftari la serikali.

Hata hivyo wapo wasiopenda mapatano hayo. Mashamba mengine yamenunuliwa na matajiri wa mbali, ambao hawahitaji malipo ya idara. Wengine wamewakodishia waongozaji wa uwindaji, na asiye na fedha nyingi habishi hodi. Matokeo yake ni mawili. Wanyama hukusanyika penye usalama, wakazidi hata kuharibu malisho na kumsumbua jirani mdogo. Na katika maeneo fulani vyeti vya kuwinda majike hubaki bila kununuliwa, kwa sababu mnunuzi hana mahali pa kukanyaga. Hapo mnyama wa wote amekuwa kwa kweli mnyama wa mmoja, ijapokuwa sheria haikubadilishwa hata herufi.

Katika miaka ya 2020 na 2021 watu wanne kutoka Missouri walifika penye mlima Elk huko Wyoming kuwinda kulungu wakubwa katika miraba ya umma iliyozungukwa na miraba ya shamba moja kubwa. Walipofika kwenye ncha ambapo miraba miwili ya umma hugusana, walivuka kutoka mmoja hadi mwingine. Mara ya pili waliweka ngazi, wakapanda upande huu na kushuka upande ule, mguu wao usiguse udongo wa mtu hata kidogo. Walishtakiwa kwa kuingia pasipo ruhusa, kwa kuwa mwili wao ulipita katika hewa ya mwenye shamba. Baraza la wazee wa mahakama liliwaachilia mwezi wa Aprili mwaka 2022. Mwenye shamba akafungua daawa ya fidia, akashindwa mwaka 2023. Akakata rufani, na mwezi wa Machi mwaka 2025 mahakama ya Denver ikawapa wawindaji haki. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Mahakama Kuu ikakataa kulisikiliza. Majaji wa Denver, katika kuamua, waliitazama tena sheria ya mwaka 1885, na tena wakalitaja shauri la pembepanda wa Red Rim. Mnyama asiyeweza kuruka uzio alikuwa amewafungulia binadamu njia.

Shida haijakwisha. Baridi ya mwaka 2022 na 2023 ilikuwa kali kuliko kawaida magharibi mwa Wyoming, na ugonjwa wa mapafu ukaingia. Kundi lile la mto Green likapoteza zaidi ya nusu. Idara ilipunguza vyeti kwa maelfu, na wawindaji waliokuwa wamepigania haki ya kupita wakatakiwa kuketi nyumbani. Twaona hapo kwamba haki ya kuwinda na wajibu wa kuhifadhi haviachani. Mwaka 2008 njia ya safari ya kundi lile, mahali inapopita katika msitu wa serikali, ilitambuliwa rasmi na kulindwa; na mwaka 2012, pale pale Trappers Point, yalijengwa madaraja mapana yenye udongo na majani juu ya barabara kuu, wanyama wapite juu na magari chini. Ndipo penye ile mifupa ya miaka 6,000. Lakini njia ndefu ya kusini hupita katika mashamba ya watu, na huko hakuna amri itakayotosha pasipo ridhaa ya mwenye waya.

Tukiyapima haya yote, twaona kwamba pembepanda aliponea katika jambo gumu kulielewa lakini jepesi kulitaja: mwenye udongo hakuwa mwenye mnyama, na mwenye mnyama hakuwa mwenye udongo, na wote wawili walilazimika kupatana. Palipokuwa na uhuru bila kipimo, wanyama walimalizika. Palipokuwa na uzio bila nafasi, walikufa wamesimama. Waliongezeka pale ambapo umma ulijizuia kwa vyeti na kulipa gharama yake, na mwenye shamba akauinua waya wake wa chini kwa inchi chache. Sisi nasi tunayo mambo mengi yaliyo ya wote yakipita katika ya mmoja: kijito kinachokatiza shamba, njia ya kwenda kisimani, malisho ya kiangazi. Katika kila kijiji yuko ajengaye ua, na yuko apitaye bila hodi. Wazee wakae nao wote wawili kabla ya theluji, yaani kabla ya njaa, kwa maana shauri la Red Rim lilichukua miaka mitano, na pembepanda waliosimama nje ya uzio hawakuweza kungoja hukumu.